Taa ya Tangi ni Chakula, si Pambo

Wahenga wetu walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kipya ambacho nimekiona kikishika mioyo ya vijana wa Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, ni tangi la kioo lenye samaki wadogo na mimea hai iliyooteshwa ndani ya maji. Nimeliona katika kibanda cha kinyozi karibu na kituo cha 46, nimeliona katika duka la kutengenezea simu upande wa Gatina, na nimeliona juu ya meza katika chumba cha kupanga ambamo kitanda, jiko na viti vyote vimo ndani ya kuta nne. Sina ugomvi na kipya hiki, bali nakisifu. Neno langu ni juu ya taa.

Kila niulizapo kwa nini maji ya tangi fulani yamekuwa ya kijani kama mchuzi wa mrenda, na kwa nini majani yamevaa utelezi, jawabu nipewalo ni moja: "Mzee, labda taa ni ndogo. Mwisho wa mwezi nitanunua kubwa." Jawabu hilo ni kinyume cha mambo. Mara nyingi taa si ndogo. Ni kubwa mno, na huwashwa kwa muda mrefu mno. Basi leo natoa rai yangu waziwazi. Anayeanza kuotesha mimea ndani ya tangi la maji yasiyo ya chumvi achague taa ndogo, nyeupe, isiyo na mbwembwe. Aiwashe kwa saa chache zenye kipimo. Na taa kubwa awaachie waliokwisha kubobea katika kazi hiyo.

SI ANASA

Najua kuna watakaoniambia: "Wewe mshairi, Kawangware maji hununuliwa kwa mtungi, stima hununuliwa kwa tokeni, na mwenye nyumba hungoja kodi yake mlangoni. Samaki wa pambo ni wa watu wa Lavington, hapo jirani, si wetu." Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini siafikiani nao. Binadamu hakuumbwa tumbo peke yake. Kwetu pwani hata nyumba ya udongo na makuti ilikuwa na mkeka wa rangi uliosukwa na bibi mwenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta zilichongwa zidaka za kuwekea vyombo vya kaure, ili jicho lipate pa kupumzikia. Hapa Kawangware nako watu hupanda maua ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia na kuipanga mlangoni. Tangi la mimea ni ndugu wa mkebe huo.

Hata hivyo, kwa kuwa mwenye tangi hapa ni mtu wa kipato kidogo, kosa la taa humwumiza kuliko limwumizavyo jirani yake wa Lavington. Natupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 huchukua lita 54, yaani chini ya mitungi mitatu ya lita 20. Tangi hilo likienda vizuri, latosha kubadilishwa robo ya maji kila wiki. Robo hiyo ni lita 13 na nusu, haijazi hata mtungi mmoja. Lakini likishikwa na mwani, mwenyewe huanza kumwaga nusu ya maji kila baada ya siku mbili, asugue kioo, ajaze tena, na wiki haijesha kijani kimerudi. Taa aliyoinunua ili aone uzuri imemfanya mtumwa wa mtungi. Tokeni nazo zinakatika upesi. Mwisho wake tangi huuzwa kwa bei ya kutupa, samaki wamekwisha kufa, na kijana anajiambia kwamba hana mkono wa kufuga. Mkono anao. Kilichomponza ni taa.

UTAMBI NA MASIZI

Sisi tuliosoma chuoni kwa kandili twalijua jambo ambalo kizazi cha swichi hakikubahatika kulijua. Ukiupandisha utambi kupita kiasi, huongezi mwanga bali waongeza moshi. Moshi huo hushika chemni, chemni hujaa masizi, na usomaji unaishia hapo. Maalimu alipotufasiria mfano wa taa uliomo katika Sura ya Nuru, alituonyesha kwamba taa ile imewekwa ndani ya kioo, na kioo nacho kimewekwa shubakani. Ina mahali pake, na ina kadiri yake.

Tangi la mimea lina tabia ileile ya kandili. Jani hutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ya kaboni, likajipikia sukari ya kujilisha, na oksijeni ikatoka. Kwa hiyo mwanga, kwa mmea, ni moto wa jikoni. Lakini moto si chakula kizima. Ukiwa na unga wa kuwatosha watu wawili, kuongeza makaa hakutakupa ugali wa watu kumi. Utaunguza sufuria tu. Mwanakemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, aliieneza kanuni hii ulimwenguni katika karne ya 19: kinachoamua kukua kwa mmea ni kile kilicho haba kuliko vyote, wala si kile kilicho tele.

Sasa angalia ndani ya tangi. Hewa ya kaboni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko isafirivyo angani. Katika tangi la anayeanza, lisilo na chupa ya kutilia hewa hiyo, kaboni iliyomo ni ile itokayo katika pumzi za samaki na ile iingiayo kutoka juu ya maji. Ni kidogo. Mbolea nayo ni kidogo: taka ya samaki, na labda udongo uliowekwa chini ya mchanga. Ukiwasha taa ya kuumiza macho, mmea huimaliza akiba hiyo mara moja, kisha husimama. Mwanga uliobaki haukosi wa kuutumia. Mwani hauna mizizi, wala shina, wala haja ya udongo. Huridhika na kidogo na huzaana upesi. Ndio unaokaribia meza na kula mabaki. Naam, masizi ya tangi ni mwani, na utambi uliopandishwa kupita kiasi ni taa yako.

Fauka ya hayo, mimea mingi inayouzwa huwa imekuzwa nje ya maji, katika hewa yenye unyevu. Ikizamishwa, hupukutisha majani ya zamani na kuotesha mapya ya majini. Katika wiki hizo za kwanza mmea uko kama mgonjwa aliyetoka hospitali: hauna nguvu ya kula karamu. Na ndizo wiki ambazo mwenye tangi jipya, kwa furaha yake, huwasha taa toka alfajiri mpaka anapolala. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

PICHA ZA KWENYE SIMU

Kosa hili halitokani na ujinga. Linatokana na picha. Vijana huona katika simu zao matangi yaliyo kama bustani za peponi: zulia la majani madogo, vilima vya mawe, na mimea myekundu kama kaa la moto. Aliyeufundisha ulimwengu kuyatazama matangi namna hiyo ni Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 2015. Kazi zake ni za fundi hasa, nami navua kofia. Lakini nyuma ya picha za namna ile mna chupa ya hewa ya kaboni inayotoa viputo kwa kipimo, mna mbolea inayotiwa kwa ratiba, na mna mkasi wa kupogolea usiolala. Taa kali ni nguzo moja tu kati ya nne. Anayeinunua nguzo hiyo peke yake amenunua nguzo, nyumba hajaipata.

Afadhali anayeanza amtazame Robert Warington, mwanakemia wa London. Mwaka 1850 aliwaeleza wenzake jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu pamoja na mmea uitwao Vallisneria katika chombo kimoja cha maji. Mmea uliwapa samaki oksijeni, na samaki wakaupa mmea taka zao. Majani yaliyooza yalipoanza kuchafua maji, Warington alitia konokono wa kuyala, na mizani ikakaa sawa. Miaka minne baadaye, mwaka 1854, Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kuhusu matangi hayo, na Uingereza nzima ikaingiwa na shauku ya kufuga samaki nyumbani. Wakati huo taa ya umeme ya nyumbani haikuwapo. Mimea iliota, samaki waliishi, na nuru ilikuwa ya mchana. Basi mtu asituambie kwamba bila taa ya maelfu ya shilingi hakuna tangi.

NAMNA YA KUCHAGUA

Nikiulizwa na anayeanza, humpa mambo matatu: ukubwa, rangi na saa.

Kwanza ukubwa. Usiitazame wati tu, tazama pia lumeni, ambayo huandikwa kwenye kasha la balbu. Kwa mimea isiyo na makuu, lumeni 15 hivi kwa kila lita ya maji zatosha. Tangi letu la lita 54 lahitaji basi lumeni 800 na kidogo, na hizo hupatikana katika balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 au 10. Tangi la lita 20 lahitaji lumeni 300 tu. Kipimo hiki si sheria ya kukata kichwa, maana lumeni hupima mwanga kwa jicho la binadamu wala si kwa jani; lakini kitakuepusha na hasara. Balbu hutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo mwombe fundi wa jua kali akukatie kofia ya bati, uipake rangi nyeupe ndani, ili mwanga uelekee chini. Mwanga hupungua kadiri maji yanavyozidi kina, na ndiyo sababu tangi fupi la sentimita 30 ni rahisi kwa mwanafunzi kuliko refu la sentimita 60.

Zamani matangi yaliwashwa kwa taa za mrija. Zilifanya kazi nzuri, lakini zina zebaki ndani yake, na mwaka 2023 mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Minamata yalikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara yake ifikapo mwaka 2027. Aliye nao mrija mzima na autumie. Anayenunua leo anunue LED.

Pili rangi. Chagua nyeupe ya mchana, iliyoandikwa 6500K kwenye kasha. Ile ya manjano, ya 3000K, haiui mmea, ila hulifanya tangi lionekane kama chai. Mmea hausomi kasha. Rangi hii ni kwa ajili ya jicho lako zaidi kuliko kwa ajili yake.

Tatu saa, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa mwezi wa kwanza washa saa sita kwa siku. Mimea ikishika na kuanza kutoa majani mapya, panda hadi saba, kisha nane, halafu simama hapo. Mwenzangu mshairi atanielewa nikisema kwamba nane ni mizani njema: ukiongeza silabi moja katika kipande cha mshororo, wimbo unachechemea, hata kama silabi yenyewe ni nzuri. Si lazima saa hizo zianze asubuhi. Mwenye kazi za mchana aiwashe saa nane alasiri na kuizima saa nne usiku, ili alione tangi lake akiwa nyumbani. Taima ndogo ya kuchomeka kwenye soketi itamfanyia kazi hiyo bila kusahau, nayo ina faida kuliko taa ya bei mara tatu.

Usiku uwe usiku. Samaki hawa hawana kope za kufumba. Gizani ndimo wanamopumzika, na mmea wenyewe usiku hauli bali hupumua tu, ukitumia oksijeni kama samaki. Kwa hiyo kinyozi anayeacha taa ya tangi ikiwaka usiku kucha ili wapita njia waione, hamtendei wema yeyote aliyemo ndani.

Na tokeni? Balbu ya wati 9 ikiwashwa saa nane kila siku hutumia uniti mbili na kidogo kwa mwezi. Nimeona mtu ametundika juu ya tangi taa ya ulinzi ya wati 50, ile ya kumulika uani, naye huiwasha saa kumi na mbili. Hiyo ni uniti 18 kwa mwezi. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya uniti unayonunulia, uone ni siku ngapi za sukari na maziwa ulizowalisha mwani. Stima ikikatika siku moja au mbili, usihangaike kwa ajili ya mimea. Haifi kwa giza la siku mbili. Walio hatarini ni samaki, iwapo walitegemea pampu ya hewa.

JUA LETU

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havitufundishi. Nairobi iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi, Januari hata Desemba. Hatuna majira ya baridi yenye mchana wa saa nane, ambayo huwalazimisha watu wa London kutegemea taa. Mwenye dirisha lenye nuru tulivu, isiyo ya jua la moja kwa moja, amepewa nusu ya taa bure na Mola wake. Aweke tangi mita moja au mbili kutoka dirishani, na apunguze saa za umeme.

Lakini jua lenyewe lisilipige tangi. Jua la saa mbili tu kwenye kioo kidogo laweza kuyachemsha maji na kuyageuza kijani wiki hiyohiyo. Ajabu ya Kawangware ni kwamba chumba kimoja kimo ndani ya ujia wa mabati, hakijui mchana, na cha pili chake dirisha linatazama jua la jioni lote. Hao wawili hawawezi kupewa shauri moja la taa, hata wakinunua matangi mapacha. Mwenye chumba cha giza ataitegemea balbu yake kwa saa zote nane. Mwenye dirisha la jua atafunga pazia kwanza, ndipo azungumze habari za taa.

MMEA KWANZA, TAA BAADAYE

Wengi hununua taa, kisha hutafuta mmea wa kuwekwa chini yake. Mpango mwema ni kuanza na mmea. Katika bara letu mna mmea uitwao Anubias, wa mito ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ambako miti mikubwa huziba jua. Umezoea kivuli tangu enzi. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe au kigogo, usilizike shina lake mchangani, na balbu yetu ndogo itautosha. Jani lake hukua polepole, na ukiliweka chini ya taa kali, mwani hulipaka rangi kabla halijafunguka vizuri.

Mwingine ni Ceratophyllum, unaoota katika maziwa yetu ya Naivasha na Victoria. Una umbo la mkia wa paka, hauna mizizi, na hula taka ya maji kwa kasi hata mwani ukabaki na njaa. Vallisneria ya Bwana Warington nayo hustahimili, na majani yake ni marefu kama utepe. Cryptocoryne kutoka Sri Lanka huweza kuyeyusha majani yake yote ukiipanda. Usiing'oe, ngoja, itachipua. Mimea hiyo minne hulijaza tangi bila taa ya kifahari. Zulia la chini, mimea myekundu, na yungiyungi ambalo makao yake ni bwawa la juani, viache mpaka mwaka wa pili.

Na samaki nao hawalilii mwangaza. Kwetu pwani, katika madimbwi ya mvua yanayokauka kila mwaka, huishi samaki mdogo wa rangi za ajabu, Nothobranchius, ambaye mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Maji yake ni ya rangi ya tope, na nuru yake ni hafifu. Hata hivyo rangi zake zashinda kanga mpya. Mpeleke chini ya taa ya uwanja wa mpira, utamwona akijificha pembeni.

TAA ZA MATATU

Nairobi ni jiji la matatu, na matatu za vijana zina utamaduni wake: michoro, muziki, na mikanda ya taa za buluu, zambarau na waridi. Siupigi vita. Taa zile zina kazi yake, nayo ni kumwita abiria aliyesimama mbali. Tatizo ni kwamba mikanda ileile sasa hubandikwa juu ya matangi. Chini ya taa ya buluu jani la kijani huonekana jeusi, mwenye tangi haoni ugonjwa wala mwani mpaka umeenea, na samaki hubadilishiwa rangi kila sekunde kama wacheza dansi. Tangi la mimea halimwiti abiria. Lamtaka mtu akae chini, atulie, aangalie jani jipya likifunguka. Ukiiweka taa ya kupigia kelele, umeiondoa ile raha yenyewe iliyokufanya ununue tangi.

STIMA NA MAJI

Hapa sitanii. Stima yetu ni ya volti 240, na chini ya taa hii mna maji, na mbele ya maji mna watoto. Katika nyumba ambazo waya mmoja umegawiwa vyumba vingi, hatari huzidi. Usitundike balbu tupu juu ya maji kwa waya wake. Tone moja likiruka juu ya balbu ya moto, kioo hupasuka. Weka kifuniko cha kioo kati ya taa na maji. Acha waya uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda kuingia, ili maji yakiteremka juu ya waya yadondoke sakafuni, yasiingie ndani ya soketi. Usiiweke soketi ya kuunganishia chini ya tangi. Na kabla hujaingiza mkono majini, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Anayekuuzia taa bila kukuambia hayo hajakamilisha biashara yake.

KIVULI KIKIZIDI

Kuna wapunguzao mwanga kwa mimea ya kuelea, na ni hila nzuri: majani yake huwa pazia, na mizizi yake hunywa taka. Lakini pazia likizidi, waliomo chini hufa. Ushahidi tunao. Gugu maji lililetwa kutoka Marekani ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likaziba ghuba nzima. Hapa Nairobi, Bwawa la Nairobi lililo kando ya Kibera, ambalo zamani watu walilitembelea kwa mashua za tanga, lilifunikwa nalo. Maji yaliyonyimwa mwanga hukosa mimea ya chini, na yaliyokosa mimea hiyo hupungukiwa na pumzi.

Basi mimea unayoipogoa usiitupe mtaroni. Ianike juani ikauke, kisha uitie kwenye ule mkebe wa maua. Mitaro na vijito vya Kawangware huishia mto Nairobi, mto Nairobi huingia Athi, Athi hugeuka Galana, na Galana huwa Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Unachokitupa nyuma ya nyumba yako hapa, sisi watu wa pwani tutakipokea kule.

RAI YANGU

Nawaomba wauzao taa za matangi wamwulize mteja maswali matatu kabla ya kupokea pesa yake: tangi lako ni la lita ngapi, chumba chako kina dirisha la namna gani, na mimea yako ni ipi? Asiyeweza kujibu asiuziwe taa siku hiyo; aambiwe aende akapime, arudi. Duka litapoteza mauzo ya siku moja na kupata mteja wa miaka kumi.

Nawe unayeanza, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangi zuri uliloliona halikuundwa kwa mwangaza mwingi bali kwa mkono uliojua kiasi. Anza na balbu ya wati 9, saa sita kwa siku, na mmea wa kivulini. Baada ya wiki nne tazama jani jipya. Likiwa safi na la kijani, ongeza saa moja. Likiwa na utelezi, punguza. Jani litakujibu lenyewe, na jawabu lake ni la kuaminika kuliko la muuzaji, na kuliko langu mimi.